Kitabu Safi cha Gari Nyeupe

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita, 2024. Mikelenge, Kindu.

Habari kubwa. Kanku, binti yetu, anayefundisha shule kule Lubutu, ametuma ujumbe: muganga wa macho amefika hospitali ya kwao. Atakaa mpaka tarehe 15 tu, halafu anaenda zake. Kurudi kwake ni Mungu anajua. Jina la mama yake, bibi yangu Élisabeth, limeandikwa kwenye orodha: Alhamisi, tarehe 13, asubuhi. Atakayekosa saa yake, jina linarukwa.

Jicho la kushoto la Élisabeth lilikufa zamani. La kulia njo linafungwa sasa. Mutoto wa jicho. Jana alimwaga chai kando ya kikombe, akasema kikombe kimesogea. Nikasema ndiyo, kimesogea.

Kutoka Kindu mpaka Lubutu ni siku mbili za barabara. Pikipiki? Muntu asiyeona, siku mbili nyuma ya pikipiki? Hapana. Jirani yetu Onema, aliyekuwa dereva wa lori barabara hiyo hiyo, akasema iko gari yake ya bluu, atamupeleka mama bure, ujirani ni kitu gani. Bure! Miaka arobaini anatafuta siku ya kunipa kitu bure. Onema huyu njo alikuwa anatembea akisema treni, kazi yangu, ni nyoka muvivu. Nikamujibu mbele ya watu: bibi ya Kanyinda atapanda gari ya Kanyinda.

Élisabeth akauliza, gari gani?

Wanawake wanapenda maswali madogo.

(Naandika polepole. Kidole cha kuume kilivunjika 2003, tangu hapo herufi zangu zinalala. Lakini akili imesimama.)

Jumanne, tarehe 4.

Nimepata! Musafiri, mwenye duka la simenti karibu na soko, anauza gari nyeupe. Ya zamani, ndiyo. Mimi pia ni wa zamani. Hataki franga. Anajenga, anataka mabati. Na mabati ninayo, yale niliyoweka kwa ajili ya nyumba mupya. Nyumba itangoja. Jicho halingoji.

Muntu mujinga anatazama rangi ya gari. Mimi nilifanya reli miaka thelathini na moja, visiteur wa mabehewa: kupiga gurudumu na nyundo, kusikiliza sauti, kuandika, kugonga muhuri. Kazi ya masikio na ya karatasi. Nikamuambia Musafiri, weka funguo chini, leta kitabu cha kontroli, kile ambacho serikali inaandika kila gari ikipimwa. Akakileta kwa mikono miwili, kama padri na kikombe.

Ee, kitabu gani! Tangu 1996 mpaka mwaka huu, kila miezi sita muhuri. Bon, gari nzuri. Bon. Bon. Wino mwekundu hakuna hata tone. Reli ilikuwa na sheria moja: behewa lenye chaki nyekundu linabaki, behewa safi linakwenda. Basi.

Na si hiyo tu. 1999, mihuri miwili. 2000, miwili. 2001, miwili. 2002, iko! Miaka ya vita yenyewe! Treni imelala, mutoni hakuna boti, sisi tunakula majani ya sombe bila chumvi, na gari hii inaenda kontroli kama muntu anaenda misa. Mihuri ya miaka ile imefifia, haisomeki vizuri. Lakini sahihi! Mukono wa muntu aliyesoma sana. Mustari mumoja mukali, mukia unazunguka chini. Nikamuambia Musafiri, huyu aliyepima alikuwa mukubwa. Musafiri akasema inaonekana.

Nikapiga mulango na nyundo yangu. Sauti nzito, kama kupiga ukuta wa udongo. Gari imara kabisa.

Alhamisi, tarehe 6.

Onema amekuja uwanjani kwetu, kitabu cha gari yake kwapani. Anataka tulinganishe. Majirani wakavuta viti. Vizuri, nikasema, waje na wengine.

Aibu yake! Kitabu cha gari ya bluu ni kama muntu alichinja kuku juu yake. 1997: taa moja haiwaki, wino mwekundu. Kisha, tangu 1998 mpaka 2003, kurasa tupu, hakuna kitu. 2004: haina freni, magurudumu mawili si yake, kutu chini, imekataliwa. Miezi mitatu baadaye: freni mupya, kutu imekatwa, imekubaliwa. 2009: usukani unalegea, imekataliwa. Wiki mbili: umekazwa. Na vile vile mpaka mwaka jana. Nikasoma kwa sauti, wa nyuma wasikie. Nikasema, ndugu zangu, hii si gari, ni mugonjwa wa kulazwa! Watu wakacheka. Siku nzuri.

Onema hakukasirika. Hiyo njo tabia yake mbaya. Akasema polepole, gari iliyoandikwa ugonjwa ni gari iliyoonwa na muganga. Hiyo ya Musafiri, kaka yangu, hakuna muntu aliyewahi kulala chini yake na taa. Na miaka ya vita nikuulize: gari gani ilitembea hapa Kindu? Yangu niliitoa magurudumu, nikaifunika majani porini ng'ambo ya Alunguli, askari wasiione. Njo maana kurasa ni tupu. Ile yako ilikuwa inapita kontroli gani?

Élisabeth alikuwa anachagua muchele kwa vidole. Hakuinua kichwa. Akasema, Baba Kanku, ofisi ya kontroli miaka ile haikuwa na bati hata moja. Askari walipikia mule ndani, milango wakafanya kuni. Nani aligonga muhuri? Mvua?

Watu wakacheka tena. Kicheko cha pili hakikuwa kizuri kama cha kwanza.

Nikawaeleza. Muntu wa kazi anafanya kazi hata bila paa. Treni iliposimama, nani alibaki depo? Wakubwa walikimbia. Mimi nilibaki, na muhuri wangu na kidonge cha wino. Wafanyabiashara wakaja na karatasi zao, juu askari wa barrière, waliofunga barabara, walitaka kuona duara la wino, duara lolote. Nikagonga. Nikatia sahihi. Karatasi za muchele, karatasi za magari, karatasi za mbuzi. Nilifanya kazi ya ofisi tatu peke yangu!

Onema akauliza kama magari yenyewe niliyaona.

Nikasema, magari yalikuwa porini, nitayaona vipi? Lakini muntu anayejua kazi anaangalia uso wa mwenye gari. Uso ukitulia, gari imetulia. Walinipa chumvi kwenye jani, mara ingine nusu sabuni.

Élisabeth akasema chumvi anaikumbuka.

Ijumaa, tarehe 7.

Mabati yamekwenda, gari imekuja. Imekuja ikisukumwa na watu sita wakiimba. Musafiri alieleza: injini iko na haya mbele ya wageni, ikizoea nyumba itawaka. Na ikawaka! Saa tisa muchana. Moshi mweusi, lakini upepo uliupeleka upande wa Onema.

Freni ya muguu ni laini sana, kama muhogo uliopikwa. Musafiri anasema freni ngumu ni freni iliyochoka, freni laini haijafanya kazi nyingi. Sikujua. Muntu hamalizi kujifunza.

Onema akaja, akainama atazame chini. Nikasimama katikati. Nikamuambia hata kuegemea sikuruhusu, rangi iko safi. Akasema, Kanyinda, niache dakika kumi tu, nipime freni. Si juu yako. Juu ya mama. Nikamuonyesha kitabu, mihuri yote. Akaniuliza, muteremuko ukifika, utakanyaga kitabu?

Wivu. Wivu mutupu.

Siku sita zimebaki.

Jumapili, tarehe 9.

Nimekwenda misa na gari, peke yangu, kwa majaribio. Kuendesha nilijifunza 1981 kwenye trakta ya misioni, na trakta ni ngumu zaidi. Barabara tambarare, kila kitu kizuri. Kusimama njo kulichelewa kidogo. Ua wa katekista ulikuwa umeinama tangu zamani, kila muntu anajua. Sasa umelala. Katekista anasema haukuwa umeinama. Na huyu anafundisha watoto amri za Mungu!

Baada ya chakula Élisabeth akaniita. Akanishika mukono, akaupapasa mpaka kwenye kile kidole kibovu. Akasema, Baba Kanku, mimi sioni. Nikipanda ile gari, ninapanda na macho yako. Unijibu neno moja tu. Onema alitazama freni? Kama Onema alitazama, nitapanda, sitasema kitu.

Nikasema ndiyo, alitazama.

Akasema basi. Akaniachia mukono, akaanza kukunja kanga zake za safari.

Si uongo. Ijumaa Onema alisimama barabarani, akatazama gari yote, mbele mpaka nyuma, akatikisa kichwa. Freni iko wapi? Iko ndani ya gari. Aliyetazama gari ametazama freni.

Nimelala vibaya muchana huu. Nzi.

Jumanne, tarehe 11.

Naandika haya nimekaa chini, kando ya mutoni. Herufi zinalala kuliko siku zote, si woga, ni kidole.

Tulitoka nyumbani saa moja. Kushika barabara ya Lubutu lazima kuvuka kwanza ng'ambo ya Alunguli, na bac inayovusha magari inatoka saa mbili. Élisabeth mbele, kando yangu, kitambaa kipya kichwani, chakula kwenye magoti. Majirani wote barabarani. Nikapiga honi. Honi ilikataa, nikapiga mulango kwa mukono. Nilijisikia kama mukubwa wa wilaya.

Tukafika juu ya muteremuko wa bac. Chini naona watu, baiskeli, bidoni za mafuta ya mawese, muchele wa wafanyabiashara umepangwa kama nyumba. Bac yenyewe imejaa nusu. Na ndani yake nani? Onema, na gari ya bluu! Kumbe amekumbuka leo kwamba iko ndugu yake Lubutu. Ndugu ambaye miaka arobaini hatujamusikia.

Nikaanza kushuka. Nikakanyaga freni. Ikaenda mpaka chini.

Nikakanyaga tena. Mpaka chini.

Nikakanyaga na miguu yote miwili, nikasimama juu yake kama muntu anapanda ngazi. Hakuna kitu! Hakuna! Gari inaongeza mbio. Freni ya mukono nikaivuta, ikanibakia mukononi. Mbele yangu ubao wa bac, kando ya ubao maji, na maji pale ni marefu, kila mwaka yanachukua muntu.

Élisabeth akauliza kwa upole, Baba Kanku, upepo huu unatoka wapi?

Nikasema, tunafika, mama. Tunafika tu.

Watu wakaruka. Baiskeli zikaanguka. Muntu mumoja akapiga kelele, Muzee, simama! Nikamujibu, Ninasimama! Maana nilikuwa nasimama kweli, ni gari tu iliyokuwa inaenda. Nikaona bac, nikaona uso wa Onema, mudomo wazi. Nikaona Élisabeth ameshika chakula chake kwa mikono miwili, anatazama mbele na jicho lake lisiloona, ametulia. Ametulia juu nilimuambia Onema alitazama.

Nikazungusha usukani upande wa muchele.

Pu! Mifuko ikapasuka. Muchele ukaingia madirishani, ukajaa kwenye magoti, kwenye shati, masikioni. Gari ikapanda, ikainama, ikafikiri, ikasimama. Gurudumu la mbele linazunguka hewani. Kutoka pale mpaka maji, nilipima baadaye: hatua nne.

Gurudumu likaacha kuzunguka. Halafu Élisabeth akasema, muchele huu ni mupya.

Halafu mwenye muchele. Mama Mwanvua. Sitaandika yote aliyosema, kitabu hiki ni cha Mukristo. Alisema, wewe muzee, muchele unanunuliwa na kipimo, haununuliwi kwa kuugonga! Akauliza kama mama yangu alinizaa au alinitapika. Watu walifurahi sana.

Onema akaja anakimbia. Hakusema, nilikuambia. Angesema, ningejua la kumujibu. Alifungua tu mulango, akamupa Élisabeth mukono, akamupangusa muchele begani. Élisabeth akamuuliza, Baba Onema, freni ulizitazama?

Onema akanitazama mimi kwanza. Akasema, mama, freni gani? Hata kuegemea sikuruhusiwa.

Élisabeth hakulia, hakutukana. Aligeuza uso upande wangu, akakosea kidogo, akawa anaongea na mulango. Akasema, Baba Kanku, wewe baki na gari yako.

Akapanda ya bluu. Ile ya kulazwa. Bac ikafungua munyororo wake, ikaondoka. Nilisimama pale na muchele kwenye kofia. Sikuona vizuri walipofika katikati. Vumbi. Watu wanasema katikati ya mutoni hakuna vumbi. Hawajui kitu.

Alhamisi, tarehe 13.

Leo njo siku yake. Hakuna habari. Réseau ya simu ya Lubutu imekatika tangu jana. Kama gari ya bluu ililala porini, kama daraja moja limevunjika, jina lake limekwisha kurukwa saa hii.

Gari nyeupe bado iko pale bac. Wanawake wanaanika nguo juu yake. Fundi mumoja aliingia chini, akatoka haraka, akauliza ni nani aliyeziba bomba la freni na sabuni. Nikapiga mulango tena na nyundo, safari hii udongo ulianguka. Ulikuwa udongo kweli, umepakwa rangi.

Mama Mwanvua hakutaka maneno, alitaka muchele wake. Nimekaa kwenye turubai tangu asubuhi, natoa muchanga kwenye muchele, punje moja moja. Anapita, anasema, visiteur, pima vizuri! Vidole vinauma. Sikujua kazi hii ni ngumu namna hii kwa muntu anayeona. Élisabeth anaifanya bila macho.

Nimekumbuka 2002. Muji umefungwa, hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mimi na homa, siwezi kusimama. Élisabeth akatafuta baiskeli ya muntu, akaniketisha juu ya muzigo, akanisukuma mpaka kwa masista. Siku nzima. Baiskeli haikuwa na freni. Kwenye miteremuko alibaki nyuma, akanivuta kwa mikono, visigino vikichimba barabara. Nilikuwa naogopa risasi, naogopa homa, naogopa askari. Kuanguka sikuogopa hata mara moja. Sikumuuliza kitabu.

Nimeweka kalamu. Mama Mwanvua anasema nimelowesha muchele, muchele ukilowa unaoza, nipanguse uso wangu kando.

Jasho.

Ijumaa, tarehe 14.

Ujumbe wa Kanku umeingia saa nne! Walifika Alhamisi alfajiri. Njiani Onema alisimama mara tatu, mara zote kwa kupenda kwake. Élisabeth alikuwa wa pili kuingia. Wamemupasua vizuri. Kitambaa kitatoka kesho.

Kanku ameandika pia: Mama anauliza kama umekula.

Nimesoma ujumbe huu kwa Mama Mwanvua na kwa watu wote wa bac, mara mbili. Halafu nikala.

Jumatano, tarehe 19.

Wamerudi! Gari ya bluu imeingia uwanjani saa tisa, Élisabeth mbele, miwani nyeusi kama bibi wa waziri. Akashuka peke yake. Hakupapasa mulango. Akasimama mbele yangu, akanitazama, akanitazama tena. Akasema, umezeeka, Baba Kanku. Akasema shati hii niliyovaa alinikataza miaka mitano iliyopita, kumbe nilikuwa navaa tu, juu haoni.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumuambia. Juu ya freni, juu ya lile neno la Jumapili. Niliyapanga vizuri, siku tatu. Yote yakakimbia. Nikasema tu, nilikudanganya. Akasema, najua, ulidanganya mbele ya watu mia na muchele. Akaketi. Akasema, lete kile kitabu.

Bibi yangu alisoma kwa masista, Kifaransa anakisoma kama maji. Akakishika karibu, akakishika mbali. Akafika miaka ya vita. Akaweka kidole chini ya sahihi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri jicho linauma. Kumbe kicheko! Alicheka mpaka Onema akamuomba aache, juu muganga amekataza machozi.

Akasema, Baba Kanku, hii K yenye mukia wa nyani ni ya nani?

Nikatazama. Nikatazama tena. Mustari mukali. Mukia unazunguka chini. Kabla kidole hakijavunjika, mimi njo nilikuwa natia sahihi vile. Kwenye cheti cha ndoa yetu iko ile ile. Na kwenye kitabu cha gari, mara nane! Gari nyeupe ni moja ya zile za porini. Haikuja yenyewe kwangu hata siku moja, kilikuja kitabu.

Na muhuri nao akausoma, ule uliofifia. Si wa kontroli. Ni wa reli, wangu wa depo. Umeandikwa kwa Kifaransa: BEHEWA TUPU.

Onema alikuwa muntu wa heshima, alitazama chini. Alivumilia kidogo. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kaka, na freni nazo ulizipima usoni?

Nimekwenda nyuma ya nyumba kutazama kuku.

Alhamisi, tarehe 20.

Nimewaza tangu jana, na sasa kila kitu kiko wazi. Walinichanganya na kelele zao.

Tuhesabu kwa akili. Kutoka 1999 mpaka 2002 gari ile ilikuwa chini ya sahihi yangu. Miaka minne. Je, iligonga muntu? Hapana. Iliingia mutoni? Hapana. Freni zilikataa hata siku moja? Hakuna aliyelalamika! Onema anasema ilikuwa haina magurudumu. Hiyo ni habari ingine. Baada ya 2003 wakaja wengine kugonga mihuri, watu nisiowajua, na mwisho tumeuona, hatua nne kutoka kwenye maji. Nani basi aliiharibu? Si Kanyinda.

Kosa langu ni moja tu, na ninalikubali kama muntu mukubwa: niliamini sahihi za watu wengine. Sitarudia. Tangu leo sinunui gari ambayo mimi mwenyewe sikuitia sahihi.

Na Mungu si mubaya. Asubuhi hii nimesikia kwamba iko lori Kalima, kwenye ua wa mujane mumoja, limesimama tangu 2001. Kitabu chake kina sahihi yangu peke yake, hakuna mukono wa muntu mwingine uliokigusa. Safi mwanzo mpaka mwisho! Mujane hataki franga, anataka vitanda vya chuma. Vitanda vya chuma tunavyo viwili, vya wageni. Wageni wenyewe hawaji.

Nitavitoa Jumapili, Élisabeth akiwa misa. Zamani ningevipitisha mbele yake muchana, nikimuambia ni upepo.

Shida njo hii tu: siku hizi anaona.